Shokomzoba si mto wa kukalia

KWA miaka mingi niliyosimama mbele ya ubao nikifundisha fizikia, nilikuwa nikining'iniza uzani kwenye springi, nikauvuta chini kidogo, nikauachilia, kisha nikawataka wanafunzi wahesabu ungepanda na kushuka mara ngapi kabla ya kutulia. Walihesabu, wakaandika daftarini, na wengi wao wakafaulu mtihani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hesabu ile inamfaa nani nje ya darasa, nami sikuwahi kujiuliza. Jibu lilinijia nikiwa nimekwisha kustaafu, nimeshika usukani wa pikapu yangu kwenye kona moja ya barabara ya changarawe viungani mwa Kitale, magunia 10 ya mahindi yakiwa nyuma yangu na mtoto wa shule akiwa mbele yangu, katikati ya barabara.

Nilikanyaga breki. Sikuwa nikienda kasi. Sidhani kama nilipita kilomita 50 kwa saa. Pua ya gari iliinama, na magurudumu ya nyuma yakaanza kurukaruka juu ya vijituta vya barabara ile, ambayo wakati wa kiangazi hujikunja kama bati la nyumba. Gurudumu lililo hewani halina breki. Pikapu iliteleza kiubavu, ikapita pale pale alipokuwa amesimama yule mtoto, ikakomea mtaroni. Yeye alikuwa amekwisha kurukia upande wa pili. Alinitazama, akaokota daftari lake, akaenda zake. Mimi nilikaa pale kwa muda mrefu, mikono ikinitetemeka.

Breki zangu zilikuwa zimetiwa vitambaa vipya majuma mawili tu kabla ya siku hiyo. Tairi zilikuwa na meno ya kutosha. Kwa hiyo niliilaumu barabara, na kupitia kwa barabara nikailaumu serikali, kama ilivyo desturi yetu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, pikapu iliyounganishwa Mombasa, na ambayo wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa habari zake. Hili ni gari la ukoo ulioshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, likabeba walimu, kabeji, maiti na maharusi katika kila pembe ya nchi hii. Mbele lina strati, yaani shokomzoba iliyovikwa springi ya koili na kufanywa kuwa nguzo ya gurudumu. Nyuma lina springi za bamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kando ya kila furushi la bamba kuna shokomzoba ya kawaida. Mpangilio huu wa nyuma ndio ulionidanganya.

Fundi wangu, kijana niliyepata kumfundisha, alikuja kulitazama gari. Nilimwonyesha ujuzi wangu. Niliegemea kona ya nyuma kwa uzito wangu wote, nikaiachilia ghafla. Ilipanda mara moja, ikatulia.

"Hapa hapana neno," nikasema.

Alicheka kwa adabu. "Mwalimu, kinachotuliza hapo ni bamba zinazosuguana. Si shokomzoba. Hebu tuliendeshe kwanza."

Tuliliendesha kiasi cha kilomita 10 juu ya vijituta vile vile, kisha akaniambia niegeshe, niiname, niziguse zote nne kwa tahadhari. Mabomba ya mbele yalikuwa ya moto kiasi cha kunifanya niondoe mkono upesi. Yale ya nyuma yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni, yote mawili.

Enyi walimu wenzangu wa fizikia, naungama kwamba niliona haya. Kwani somo zima lilikuwa pale, nami nimelifundisha miaka yote bila ya kulijua. Springi haimalizi nguvu ya kishindo. Huiweka akiba na kuirudisha. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubanwa, kisha hutaka kujinyoosha na kulirusha gari juu, kisha gari hushuka na kuibana tena, na mchezo huo ungeendelea kwa muda mrefu kama uzani wetu wa darasani. Shokomzoba ndiyo inayoikomesha. Ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo na vali, nayo hupitishwa ndani ya mafuta mazito. Mafuta hulazimishwa kupenya kwenye vitundu, na nguvu ile ya mrusho hugeuka kuwa joto ambalo hupotelea hewani. Kwa hiyo shokomzoba ifanyayo kazi hupata moto katika barabara mbaya. Iliyo baridi, wakati mwenzake wa mbele anaunguza mkono, imekufa, hata ikiwa rangi yake ingali inang'aa.

Tazama basi jinsi jaribio la kuegemea kona linavyoweza kumpotosha mtu. Linafaa kwa strati za mbele, kwa sababu springi ya koili haina msuguano wa maana: ikiwa kona itadunda mara mbili au tatu baada ya kuachiliwa, hakuna haja ya shahidi mwingine. Kwa springi za bamba halitoshi. Msuguano wa bamba kuukuu zenye kutu huweza kulituliza gari lililosimama, na kwa mwendo ule wa polepole wa kusukumwa kwa mikono, mtu akadhani mambo ni salama. Vijituta vya barabarani hulitikisa gurudumu mara nyingi kwa sekunde, na hapo msuguano wa kutu hauwezi kuwa badala ya mafuta na vali.

Na hapa ndipo ninapotaka kuligusa jambo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wetu huamini kwamba shokomzoba ni kitu cha starehe, aina ya mto wa kukalia. Mwenye pikapu ya kubebea mbolea hujiambia kwamba starehe ni ya wenye magari madogo ya mjini, naye anaweza kuvumilia kutikiswa. Lakini mgongo wa dereva si hoja hapa. Kazi ya kwanza ya kifaa hiki ni kuhakikisha kwamba tairi haliachani na ardhi, kwa kuwa breki, usukani na tairi jipya havina manufaa yoyote tairi likiwa hewani. Anayevumilia kutikiswa huwa amewalazimisha wengine kuvumilia pamoja naye, na wengine hao hutembea kwa miguu.

Nilipokwisha kuelewa hayo, ungedhani nilinunua kwa busara. La. Nilikwenda katika duka moja mjini nikauliza bei, nikauliza tena penye bei ya chini, na mwishowe nikatoka na jozi iliyofungwa kwenye karatasi ya plastiki, nyeusi ya kumetameta, kwa nusu ya bei ya mwanzo. Hazikumaliza miezi miwili. Moja ilianza kutoa mafuta yakitiririka hadi chini ya bomba. Fundi aliikwaruza kwa msumari: chini ya rangi nyeusi palikuwa na rangi nyingine, na chini ya hiyo kutu, na karibu na kitako alama ya mahali ilipotobolewa, ikajazwa mafuta, ikazibwa kwa kuchomelewa. Nilipoirudisha, muuzaji alinionyesha kwa kidole maandishi ya ukutani yasemayo kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Nchi yetu ina sheria dhidi ya bidhaa bandia, iliyopitishwa mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kumsaidia sana mnunuzi asiyedai hata risiti, nami nilikuwa mnunuzi wa namna hiyo.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuishika shokomzoba kabla ya kuilipia. Ile ya mafuta matupu, isiyo na gesi, huisimamisha wima na kuivuta na kuisukuma mara kadhaa. Inapaswa kukaza kwa usawa tangu mwanzo hadi mwisho wa mwendo wake, bila ya mahali pa ulegevu, na mara nyingi kuivuta huwa kugumu zaidi kuliko kuisukuma. Ndivyo ilivyotengenezwa. Watengenezaji huzipa vali ukinzani mkubwa zaidi wakati springi inapojinyoosha, mara nyingi maradufu au zaidi, kwani pale ndipo springi hurudisha nguvu iliyoihifadhi. Rodi yake iwe laini kama kioo, bila ya mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja huikata sili na kuyatoa mafuta. Kama ni ya kutolewa kwenye gari jingine, iliyoletwa pamoja na mitumba mingine kutoka ng'ambo, mimi siitaki hata kwa bure. Injini ya mtumba unaweza kuisikiliza ikinguruma. Shokomzoba ya mtumba haikuambii imekwisha kwenda kilomita ngapi.

Kosa la pili nililokaribia kulifanya lilikuwa kinyume cha lile la kwanza. Rafiki mmoja mwenye kufanya biashara ya viazi alinishauri nitafute shokomzoba nene za gari kubwa, "zibebe mzigo vizuri." Ushauri huu husikika katika kila gereji, na una kosa ndani yake: shokomzoba ya kawaida haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi. Ikiwa pikapu yako huinama nyuma kama mbwa aliyekalia mkia, tatizo ni bamba zilizochoka au zilizovunjika, na shokomzoba ya bei yoyote haitaliinua.

Hata hivyo mzigo unahusika, kwa njia nyingine, na hapa naomba wanafunzi wachukue kalamu. Uwezo wa shokomzoba kuutuliza mrusho hupimwa kwa kuulinganisha na kipeuo cha pili cha uzito unaorushwa, ugumu wa springi ukibaki ule ule. Tuseme springi zangu za nyuma hubeba kilo 400 gari likiwa tupu. Nikipakia magunia 10 ya kilo 90 kila moja, zitabeba kilo 1,300. Gawanya 400 kwa 1,300, utafute kipeuo cha pili, utapata kwamba uwezo ule umebaki takriban asilimia 55. Yaani shokomzoba iliyotosha asubuhi nikienda shambani hufanya kazi kama nusu yake jioni nikirudi na mavuno, na hiyo ni shokomzoba nzima. Iliyokwisha kuchakaa nusu, jioni hiyo, haipo kabisa.

Mbona basi nisichukue ile ngumu kuliko zote? Kwa sababu pikapu yangu hubeba mzigo siku mbili kwa juma, na siku nyingine hutembea tupu. Shokomzoba iliyokazwa kwa ajili ya tani moja huwa ngumu mno kwa gari tupu. Gurudumu likiangukia shimoni hucheleweshwa kushuka, na tairi huachana na ardhi vile vile, ila kwa sababu nyingine. Fauka ya hayo, kishindo kisichomezwa hupelekwa kwenye masikio ya chuma yaliyoishikilia shokomzoba, na katika fremu ya umri wa gari langu masikio hayo yamekwisha kuliwa na kutu. Nimeona moja lililong'oka pamoja na kipande cha fremu. Nilichagua za nguvu ya kati, zilizokadiriwa kwa pikapu ya tani moja ya aina ile ile, na siku za mavuno napunguza mwendo. Mwenye lori dogo linalobeba mawe kila siku ya Mungu angechagua vingine, na angekuwa na haki.

Kuna suala la gesi pia. Muuzaji atakuambia kwamba zenye gesi ni bora, akomee hapo. Aina ya kizamani ina mabomba mawili, moja ndani ya jingine: pistoni hutembea katika lile la ndani, na lile la nje ni ghala la mafuta lenye hewa kidogo juu yake. Gari likitikiswa kwa muda mrefu kwenye vijituta, hewa na mafuta huchanganyika na kuwa povu, na povu halina ukinzani. Ndipo watengenezaji wakatia gesi ya nitrojeni yenye mgandamizo mdogo mahali pa hewa, ili kupunguza povu. Aina nyingine ina bomba moja tu, na gesi yake yenye mgandamizo mkubwa hutengwa na mafuta kwa pistoni ya pili inayoelea. Hii hupoa upesi, kwani mafuta hugusa bomba la nje moja kwa moja. Kwenye lami na katika mbio haina mshindani.

Lakini barabara zetu zina mawe. Jiwe likirushwa na tairi likalibonyeza bomba lile moja, pistoni hukwama, kwa kuwa ukuta uliobonyea ndio njia yake ya kupita. Katika aina ya mabomba mawili jiwe hubonyeza ghala la nje tu, na mara nyingi pistoni ndani haina habari. Kwa sababu hiyo, mbali na bei, nilichukua aina ya mabomba mawili yenye gesi kidogo. Ningeishi Nairobi na kutembea juu ya lami mwaka mzima, pengine ningefikiria vingine.

Urefu nao usipuuzwe. Wengi wetu tumeongeza bamba moja au mbili katika springi za nyuma ili gari libebe zaidi, na gari likapanda juu kwa upana wa kiganja. Shokomzoba ya urefu wa awali, katika gari lililopandishwa hivyo, huwa imevutwa karibu na mwisho wake hata gari likiwa limesimama. Gurudumu likining'inia shimoni, shokomzoba ndiyo inayolizuia lisianguke, kazi isiyo yake, na hung'oka sili au sikio. Pima umbali baina ya masikio mawili gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, uende dukani na kipimo hicho. Shokomzoba iwe na nafasi ya kutosha ya kubanwa na ya kuvutwa pia. Mimi niliondoa bamba niliyoiongeza. Magunia yangu sasa ni 8 badala ya 10.

Kuhusu strati za mbele nitakuwa mkali kidogo. Shokomzoba ya nyuma ya pikapu, mtu mwenye spana na subira anaweza kuibadilisha chini ya mti. Strati si hivyo. Springi yake ya koili imebanwa, na nati ya juu ndiyo inayoizuia isifyatuke. Mwenye kuifungua nati hiyo kabla ya kuibana springi kwa vibanio vyake maalumu, akitumia kamba au waya kama nilivyopata kuona, anacheza na kitu kiwezacho kumvunja taya au kumwua. Aidha, katika strati nyingi za magari ya kizamani kama langu, bomba la nje limeungana na kiungo cha gurudumu, na kinachobadilishwa ni mtungi wa ndani peke yake. Hivyo mwulize fundi atabadilisha kitu gani hasa kabla ya kukubaliana bei. Mwambie aangalie pia mpira na beringi ya juu, kwani zikiwa zimekufa usukani utakuwa mzito na strati mpya italaumiwa bure. Baada ya hapo magurudumu yapimwe mwelekeo wake. Strati ndiyo nguzo ya gurudumu. Nguzo ikiguswa, pembe hubadilika, na tairi huliwa upande mmoja.

Kila mara badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Na zile za nyuma zenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini; zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umesokotwa na kupasuka kabla ya wakati wake.

Nayaelekeza maneno haya hasa kwa walimu wakuu na bodi za shule. Shule nyingi za mashambani zina pikapu kuukuu ya kuchukulia mahindi, kuni na vitabu, na vipuri vyake hununuliwa kwa kulinganisha bei na kuchukua ya chini kabisa. Utaratibu huo unafaa kwa chaki. Katika ununuzi wa shokomzoba humpa ushindi yule yule aliyeniuzia kutu iliyopakwa rangi. Iandikwe katika ombi la bei aina ya gari, mzigo wake wa kawaida, urefu uliopimwa, na muda wa dhamana. Asiyetaka kuandika dhamana kwenye risiti aachwe na mali yake. Na mwalimu wa fizikia aitwe katika kikao hicho. Atalalamika kwamba si kazi yake, kama ambavyo ningelalamika mimi.

Zile mbili za baridi sikuzitupa. Zilikuwa za mafuta matupu, kwa hiyo fundi aliweza kuipasua moja kwa msumeno bila ya hatari. Zenye gesi asizikate mtu yeyote. Niliipeleka katika shule ya sekondari iliyo karibu nasi, nikaipitisha darasani kutoka dawati hadi dawati. Msichana mmoja aliigeuza pistoni, akaupitisha mwanga kwenye vitundu vyake, akaniuliza ikiwa ni kweli kwamba vitundu vidogo hivyo ndivyo vizuiavyo gari zima. Nilimwambia vinavyozuia si vitundu bali ni mafuta yanayolazimishwa kupita ndani yake, na kwamba kadiri yanavyoharakishwa ndivyo yanavyokataa. Hakuonekana kuridhika. Tulitoka nje, wakazizunguka kona za mbele za pikapu, wakaziegemea, wakaziachilia, na kuanza kuhesabu.